Ulevi Usio wa Pombe

Maradhi mengi yamepewa majina na matabibu. Maradhi ninayokusudia kuyaeleza hapa yalipewa jina na watazamaji waliolipa kiingilio. Katika kumbi za masumbwi za Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na watu waliotambulikana kwa mwendo wao: mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, aburuta mguu, ulimi mzito, mikono yatetemeka, naye hajaonja tone la kileo siku ile. Watu wa ulingoni walimwita mlevi wa ngumi. Lilikuwa jina la mzaha, na kama yalivyo majina mengi ya mzaha, lilikuwa na ukweli ndani yake, maana liliitaja dalili likaitaja na sababu. Elimu ya utabibu ilichelewa kuufikia ukweli huo, na ilipoufikia ikakaa nao ndani ya ua wa jina lenyewe. Hoja yangu katika insha hii ni hiyo: maradhi haya yalijulikana mapema kuliko inavyodhaniwa, lakini jina lake liliyafunga kwa aina moja ya watu, na wale waliokuwa nje ya jina hawakuhesabiwa kuwa wagonjwa.

Aliyelitoa jina hilo ulingoni akalitia katika jarida la elimu alikuwa Harrison Martland, daktari wa mji wa Newark katika jimbo la New Jersey, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti za watu waliokufa kwa ghafula au kwa mashaka. Huyu ndiye Martland yule yule ambaye, miaka michache kabla, alionyesha jinsi wasichana waliokuwa wakipaka rangi yenye radiamu katika nyuso za saa walivyokuwa wakiuawa na kazi yao. Alikuwa amezoea, basi, kutazama maiti na kuuliza marehemu alipata wapi riziki yake. Mwaka 1928, katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, alichapisha makala ambayo kichwa chake kilikuwa jina lile lile la mzaha, bila kulifunika kwa Kilatini.

Makala hayo yastahili kusomwa hata leo kwa unyofu wake. Martland hakuwa na ubongo wa mpiga ngumi hata mmoja mezani pake. Alikuwa amepasua maiti nyingi za watu walioumia vichwa kwa njia nyingine, akaona katika baadhi yao matone madogo ya damu yaliyovuja ndani ya ubongo, akakisia kwamba ngumi zaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa habari za mabondia wenyewe ilimbidi awaendee wajuao. Mwandalizi mmoja wa mapambano alimpa orodha ya watu 23 aliowadhania kuwa wamepatwa, na Martland akaweza kuthibitisha sehemu tu ya majina hayo. Akakadiria kwamba karibu nusu ya waliodumu katika kazi hiyo wangepatwa, kwa uchache au kwa wingi. Kadirio hilo, kama tutakavyoona, lilizidi kipimo. Lakini lilitoka kwa mtu aliyekuwa peke yake katika kuuliza.

Kuna jambo moja katika makala yale ambalo waandishi waliomfuata wamelipita kwa haraka. Martland hakusema kwamba wapatwao hasa ni mabingwa. Alisema ni wale wasiojua kukwepa, wanaokubali ngumi nyingi ili wapate nafasi ya kurudisha moja, na wale wa daraja la pili wanaoajiriwa ili wengine wafanyie mazoezi juu yao, ambao huweza kuangushwa mara kadhaa kwa siku moja. Ngumi hizo za mazoezi hazikuandikwa katika kitabu chochote. Hazikuwa na refa wala watazamaji, wala hapakuwa na mtu aliyezihesabu. Anayesoma leo rekodi ya bondia wa zamani, mapambano kadha, ushindi kadha, hasomi mapigo aliyopata. Husoma mapigo yale tu yaliyouziwa tikiti.

Baada ya Martland jina likaanza kuvishwa mavazi. Mwaka 1937 Millspaugh, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliunda jina la Kilatini lenye maana ya kupotewa na akili kwa mpiga ngumi. Mwaka 1940 Bowman na Blau wakatumia jina refu zaidi, ensefalopathi sugu ya mapigo, ndiyo kusema ugonjwa wa kudumu wa ubongo utokanao na kupigwa. MacDonald Critchley wa London alilishika jina hilo mwaka 1949, lakini akaliongezea maneno mawili: ya mabondia. Mwaka 1957 akaeleza habari za wagonjwa 69, wote wapiga ngumi. Maneno yale mawili yalionekana kuwa ni maelezo tu. Kwa hakika yalikuwa mpaka.

Yafaa hapa kuueleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu watu huuchanganya na kifo cha ulingoni. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyepata kutwaa dhahabu ya masumbwi katika Michezo ya Olimpiki, aliyoishinda Seoul mwaka 1988, alikufa Las Vegas mwezi wa Julai 1994, siku mbili baada ya pambano, kwa jeraha la kichwa. Kifo cha namna hiyo kina tarehe na kina mashahidi, na magazeti hukiandika kesho yake. Maradhi tunayoyazungumza hayana tarehe. Ubongo ni kitu laini kinachoelea katika maji ndani ya fuvu gumu. Pigo likikizungusha kichwa ghafula, fuvu hutangulia na ubongo hufuata kwa kuchelewa, na nyuzi ndefu za neva huvutika. Ndani ya nyuzi hizo mna protini iitwayo tau, ambayo kazi yake ni kushikamanisha mirija midogo inayopitisha vitu kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Mapigo yakirudiwa miaka na miaka, tau hubanduka mahali pake, hujikunja na kujikusanya mafundo mafundo, hasa kandokando ya vishipa vya damu vilivyo chini kabisa katika mabonde ya mikunjo ya ubongo. Mafundo hayo huweza kuenea hata baada ya mtu kuacha mchezo. Hivyo mtu hustaafu akiwa mzima, akafungua duka au akawa mwalimu wa vijana, na baada ya miaka minane, au ishirini, akaanza kuwa mtu mwingine. Mara nyingi tabia hutangulia: hasira za ghafula, huzuni isiyo na sababu, fedha zatumika ovyo. Hufuata kumbukumbu, kisha ulimi na miguu. Mkewe hujua kabla ya daktari.

Tena si lazima mtu awe amezimia hata mara moja. Mapigo madogo, yale ambayo mchezaji hutikisa kichwa akaendelea, nayo huhesabiwa; na yaonekana kwamba wingi wa miaka ya kupigwa ni mzito kuliko ukali wa pigo moja. Wala kofia ngumu si dawa. Kofia hulinda fuvu lisivunjike, lakini haiuzuii ubongo kuzunguka ndani ya fuvu.

Uingereza ndiko ambako jambo hili lilijadiliwa kwa uzito kwanza. Edith Summerskill, daktari aliyekuwa pia mbunge, alichapisha kitabu dhidi ya masumbwi mwaka 1956, na mwaka 1960 akapeleka mswada Bungeni, ukakataliwa. Kilichozaa matunda zaidi kuliko mabishano ya Bungeni ni kazi ya kuhesabu. Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilimwagiza A. H. Roberts achunguze, naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: badala ya kuwangojea wagonjwa waje hospitali, alichukua daftari la mabondia wa kulipwa walioandikishwa Uingereza baina ya 1929 na 1955, watu zaidi ya 16,000, akateua kwa kura, akawatafuta popote walipo. Aliwapima 224. Katika hao, 37, yaani asilimia 17, walikuwa na dalili za kuharibika ubongo, na waliopigana zaidi walikuwa nazo zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Miaka minne baadaye, 1973, Corsellis na wenzake wakaeleza bongo 15 za mabondia wastaafu walizozitazama kwa hadubini, na mafundo yale yakaonekana waziwazi. Tangu hapo hapakuwa na nafasi ya kusema kwamba jambo halijulikani. Sweden ilikuwa imekwisha piga marufuku masumbwi ya kulipwa mwaka 1970.

Sasa msomaji angetazamia kwamba mtu angeuliza: je, ubongo wajua kwamba pigo limetoka kwenye glavu? Swali hilo liliulizwa, lakini pembezoni. Mwaka 1952 Augustus Thorndike wa Harvard alishauri kwamba mwanafunzi mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo mara tatu asirudi tena katika michezo ya kugongana. Mwaka 1976 jarida la Lancet lilichapisha habari za wapanda farasi wa mashindano ya kuruka viunzi, walioanguka mara nyingi na kupatwa na hali kama ile ya mabondia. Na mwaka 1990 jarida hilo hilo likaeleza habari za bibi mmoja mzee aliyekuwa akipigwa na mumewe kwa miaka mingi. Ubongo wake ulipochunguzwa ulionekana kuwa ni ubongo wa bondia. Waandishi wa makala hayo, wakitafuta namna ya kumweleza, walimwita mke mlevi wa ngumi. Nadhani hakuna mahali panapoonyesha umaskini wa lile jina kama hapa. Mama huyu ilimpasa kuazimwa kazi ya mtu mwingine ili maradhi yake yapate kuaminika.

Jina lilivunjika mwaka 2002, katika chumba cha maiti cha Pittsburgh. Mike Webster alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kugongana miili, misimu 17 katika ligi kuu ya nchi hiyo, tangu 1974 hadi 1990. Nafasi yake ilikuwa katikati ya mstari wa mbele: yeye ndiye aliyepitisha mpira baina ya miguu yake kwenda nyuma, na mara tu baada ya kuuachia akagongana na mtu wa mbele yake, kichwa kwa kichwa, makumi ya mara katika kila mchezo, mbali na mazoezi. Alitwaa ubingwa mara nne. Baada ya kustaafu alipoteza fedha, ndoa na usingizi, na kuna nyakati alizolala ndani ya gari lake. Alikufa kwa moyo mwezi wa Septemba, umri wake miaka 50.

Maiti yake iliangukia zamu ya Bennet Omalu, daktari kijana mzaliwa wa Nigeria. Kwa macho matupu ubongo wa Webster ulikuwa wa kawaida, na daktari mwingine angeurudisha mahali pake akatia saini. Omalu aliuhifadhi, akaukatisha vipande vyembamba kwa gharama yake mwenyewe, akavitazama. Mafundo yalikuwamo. Makala yake yalitoka mwaka 2005, na katika kichwa chake alitumia lile jina la mwaka 1940, ensefalopathi sugu ya mapigo, akiyaacha nje maneno mawili ya Critchley. Kwa kuyaacha tu, alibomoa ua.

Ligi ilijibu. Ilikuwa na kamati yake ya mitikisiko ya ubongo tangu mwaka 1994, ambayo mwenyekiti wake wa miaka mingi alikuwa bingwa wa maradhi ya baridi yabisi, na kamati hiyo ilikuwa imechapisha makala kadha zenye kutuliza. Mwaka 2006 wajumbe wake watatu walilitaka jarida liyafute makala ya Omalu. Hoja yao yapendeza kuangaliwa: walidai kwamba daktari huyu hakuielewa elimu iliyokwisha andikwa juu ya maradhi haya ya mabondia. Yaani mpaka wa jina ulitumiwa kuwa ushahidi. Jarida halikufuta. Na hapa pana jambo la ajabu zaidi, lililokuja kujulikana hadharani baadaye: bodi ya pensheni ya ligi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kubali, mwaka 1999, kwamba Webster hawezi kazi kwa sababu ya majeraha ya kichwa aliyoyapata mchezoni, ikamlipa. Mkono mmoja ulikana kile ambacho mkono mwingine ulikuwa umekitilia saini. Msemaji wa ligi alikiri mwezi wa Desemba 2009 kwamba mitikisiko ya ubongo yaweza kuleta madhara ya muda mrefu; na mwaka 2016 ofisa mkubwa wa ligi alikubali mbele ya wabunge wa Marekani kwamba mchezo huo una uhusiano na maradhi yale.

Katika kandanda, mchezo ambao sisi huku tunaujua kuliko huo, habari ilikwenda kimya kimya zaidi. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion na wa timu ya Uingereza, alisifika kwa kufunga kwa kichwa. Alikufa Januari 2002 akiwa na miaka 59, miezi minane kabla ya Webster, akiwa hawatambui tena watu wake. Ofisa wa serikali aliyechunguza kifo hicho alitoa hukumu kwamba alikufa kwa maradhi ya kazini. Neno hilo, kazini, lingetosha kuuamsha mchezo mzima, kwani ndilo neno litumikalo kwa mchimba makaa aliyejaa vumbi kifuani. Halikuuamsha. Iliwabidi mjane wake na binti zake kupiga kelele kwa miaka, mpaka mwaka 2014 ubongo wake ulipochunguzwa upya na Willie Stewart wa Glasgow, ikathibitika kuwa maradhi ni yale yale ya mabondia.

Wako waliosema kwamba kosa lilikuwa la mpira wa zamani wa ngozi, ulionywa maji ukawa mzito kama jiwe. Faraja hiyo ni ndogo. Uzito wa mpira mkavu katika sheria za mchezo, gramu 410 hadi 450, haujabadilika tangu 1937, na mpira usionywa maji huenda kasi zaidi. Stewart na wenzake walihesabu mwaka 2019, kwa njia inayomkumbusha mtu kazi ya Roberts: waliwalinganisha wachezaji 7,676 wa zamani wa kulipwa wa Scotland na watu wengine 23,028 wa umri na hali sawa nao. Wachezaji walikufa kwa maradhi ya kuoza kwa ubongo mara tatu na nusu kuliko wenzao. Mwaka 2021 wakawagawanya kwa nafasi zao uwanjani: mabeki walionekana kuwa katika hatari kubwa kuliko wote, na walinda mlango, ambao ni nadra kuupiga mpira kwa kichwa, hawakuzidi watu wa kawaida kwa kiasi cha kuhesabika.

Tusiache, hata hivyo, hesabu nyingine zitutishe kupita haki yake. Mwaka 2017 Ann McKee wa Boston na wenzake walitangaza kwamba katika bongo 111 za wachezaji wa ligi kuu ya Marekani, 110 zilikuwa na maradhi haya. Hesabu hiyo imenukuliwa duniani kote kana kwamba kila mchezaji ni mgonjwa. Lakini bongo zile zilitolewa na jamaa waliokwisha ona mabadiliko kwa wapendwa wao. Watafiti wenyewe walisema hivyo. Roberts alipiga kura, hawa walipokea zawadi, na mwanafunzi wa historia apaswa kuzitofautisha njia hizo mbili. Kwa sababu hiyo hiyo simtii Muhammad Ali katika hesabu yangu. Aliegemea kamba Kinshasa mwaka 1974 akapokea ngumi za Foreman hadi raundi ya nane, na ulimwengu ukamshangilia. Miaka kumi baadaye matabibu walimwambia ana maradhi ya Parkinson. Watu wengi wameunganisha mambo hayo mawili kwa mstari mmoja. Huenda mstari upo, lakini maradhi ya Parkinson huwapata pia watu wasiopigwa kofi maishani.

Ugumu huu haukuishia kwa wataalamu, uliingia mahakamani. Maradhi haya hayathibitiki kwa hakika ila baada ya kifo, kwa kisu na hadubini. Wachezaji wastaafu wa Marekani waliposhtaki ligi yao, mapatano yaliidhinishwa na jaji huko Philadelphia mwaka 2015, na malipo yake yakatazamiwa kufikia kadiri ya dola bilioni moja. Fidia kwa jina lenyewe la ensefalopathi sugu ya mapigo ilitolewa kwa jamaa za wale tu waliokufa kabla ya tarehe 22 Aprili 2015. Wengine wote yawabidi kuomba kwa majina mengine: kupotewa na akili, Alzheimer, Parkinson. Jina ambalo Omalu alilitoa uani lilirudishwa ndani, na mlango ukawekewa tarehe.

Kisha kukawa na mlango wa pili. Ili kujua mtu amepotewa na akili kiasi gani, wapimaji walikadiria kwanza alikuwa na akili kiasi gani hapo awali. Na katika kukadiria huko walitumia majedwali yaliyomhesabu mtu Mweusi kuwa alianza chini kuliko Mweupe. Wachezaji wawili wenye alama zilizo sawa kabisa, mmoja aliweza kuonekana mgonjwa na mwingine, kwa rangi yake, akaonekana mzima. Na wengi wa wachezaji hao wastaafu ni Weusi. Kevin Henry na Najeh Davenport, waliowahi kuchezea ile ile timu ya Webster, walifungua kesi mwaka 2020 baada ya madai yao kukataliwa. Mwaka 2021 ligi iliahidi kuyaacha majedwali hayo, na mwezi wa Machi 2022 jaji Anita Brody akaidhinisha mabadiliko, yakafunguliwa upya madai ya watu waliokwisha ambiwa kwamba hawaumwi.